Ovaroli ya Redio

Mama alimfukuza mdogo wake kazi mbele ya watu, ingawa ni jambo lililofaa kusemwa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Turubai lilikuwa limeshasimama kwenye uwanja wa mteja, viti vilikuwa vinapangwa, na Redio, huyo mdogo wake, alikuwa amekaa juu ya rundo la viti vya plastiki akiwasimulia wapishi habari za mtu aliyenunua jogoo asiyewika. Wapishi walicheka mpaka wakasahau sufuria.

"Shuka kwenye viti," Mama alimwambia.

"Navishikilia visipeperuke, dada."

Wapishi wakaangua kicheko kingine. Mama hakucheka.

"Vua ovaroli."

Redio alimtazama dada yake usoni, akitafuta mahali utani ulipoanzia. Hakupaona. "Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Hiyo ni nguo ya kazi, na wewe kazi hufanyi."

Akafungua zipu. Ndani alikuwa na kaptura na fulana iliyotoboka kwapani. Aliikunja ovaroli polepole, mkono juu ya mkono, kama mtu anayekunja nguo za mtoto, akamkabidhi dada yake. "Haya. Ila fulana hii, dada, hata mbu wanaionea huruma. Nitapitaje barabarani?"

Safari hii aliyecheka ni mpishi mmoja tu, naye alikatiza njiani. Redio akaondoka kwa mguu, akipita kando ya ukuta.

Tusimpambe. Redio alikuwa mvivu. Kulipokuwa na nguzo ya kubeba, yeye alikumbuka kwamba hajanywa maji. Alichelewa kuamka, aliwahi kula, na nyundo aliishika kama anayeshika samaki aliye hai. Kazi ya maturubai haitaki porojo, inataka migongo. Nyumba ile nzima ilikula kwa migongo ya watu wake: Mama, mjane, ndiye aliyekuwa mwenye mali na dereva wa pikapu; mwanawe mkubwa, bintiye na mume wa bintiye waliishi naye, na Redio alilala kwenye chumba kidogo cha uani, kando ya maturubai yaliyokunjwa.

Majina ya utani ya pale, isipokuwa la kwake, aliyatoa Redio. Mtoto wa kiume wa Mama alimwita Kufuli, kwa kuwa akifunga mdomo hata ufunguo unakata tamaa. Mkwe alimwita Kiberiti, na hilo halikuhitaji maelezo. Kiberiti naye, kulipiza kisasi, ndiye aliyempa mjomba jina la Redio. "Tena redio isiyo na kitufe cha kuzima," alisema.

Na Kiberiti ndiye aliyelianzisha jambo la kumfukuza, wakiwa mezani siku chache kabla. "Mama, mimi sipendi maneno," alisema, mtu ambaye hajawahi kupitisha siku bila maneno. "Lakini tunabeba wawili, wa tatu anatangaza mpira. Wakati wa mgao sote sawa."

Kufuli alikuwa anakula. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia," Mama alisema.

Kilichomkera Mama zaidi ni tabia moja ya Redio. Watu wameshajipanga, kamba ziko mikononi, nguzo iko tayari kuinuka, mara Redio anainua mkono: "Subirini kwanza. Kufuli ana neno." Kila mtu anasimama. Kiberiti anatema mate. Kufuli, ambaye hajafungua mdomo wala kunyoosha kidole, anaulizwa, "Haya mpwa wangu, sema," naye anasema maneno mawili au matatu: kamba ile imelika, nguzo hii imepinda. Wanarekebisha. Redio anamtania Kiberiti kidogo, "Pole mkwe, najua mabomu hayapendi kusubiri," Kiberiti anacheka bila kupenda, kisha ndipo wanavuta. Mama, kwenye usukani wa pikapu, alikuwa akiyatazama hayo yote na kuona kitu kimoja: muda unapotea.

Jioni ya siku aliyofukuzwa, Redio alifungasha vitu vyake. Hakuna aliyemwambia ahame chumba. Hakuna pia aliyemwambia abaki.

*

Mtu mpya alitoka sokoni, alikokuwa akipakua magunia. Alikuwa na kifua kipana kama mlango na heshima za kutosha. Ukimwambia shika, anashika. Ukimwambia beba, anauliza wapi. Hakupata jina la utani, maana mtoa majina hakuwepo. Waliendelea kumwita Mgeni.

Kwa majuma kadhaa Mama alijipongeza. Maturubai yalisimama kabla wateja hawajamaliza kuulizana yatasimama wapi. Hakuna aliyekaa juu ya viti, hakuna hadithi za jogoo. Mteja mmoja alimwambia, "Mama, vijana wako siku hizi wanafanya kazi kama jeshi," naye akalirudia neno hilo nyumbani akiwa anakoroga uji.

Binti yake, mke wa Kiberiti, alikuwa ananyonyesha. "Jeshi gani hilo ambalo askari wawili hawasemeshani," alisema.

"Nani hawasemeshani?"

"Mama, huoni? Mume wangu akitaka nyundo aliyonayo kaka, ananiambia mimi nimwambie kaka. Na mimi niko jikoni."

"Wanaume hao. Wakichoka watasemeshana."

"Zamani walikuwa wanasema kupitia mjomba."

"Mjomba wako alikuwa anasema kupitia kila mtu," Mama alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kisha ikaja kazi ya shule.

Shule ilikuwa kubwa, yenye mahafali, mikutano ya wazazi, michezo, na kila kitu kinachohitaji kivuli. Mama alikuwa ameifuatilia kazi ile muda mrefu, akikalia benchi nje ya ofisi mpaka katibu akamzoea na kuanza kumwomba amshikie simu akienda msalani. Hatimaye mkuu wa shule, mwanamke mwenye sauti ya chini isiyorudia jambo, alimwambia: fanyeni mahafali haya vizuri, na shughuli zote za mwaka ni zenu. Kwa Mama hayo yalikuwa na maana moja. Kiberiti na bintiye wangepata kujenga chumba chao, na Kufuli angeweza kufikiria kuoa, ikiwa angepata mwanamke anayeweza kubahatisha majibu.

Waliingia asubuhi. Mkuu wa shule alikuja mwenyewe mpaka uwanjani.

"Mtamaliza kabla wazazi hawajafika?"

"Kabla chai ya walimu haijapoa," Mama alisema.

Kiberiti aliisikia ahadi hiyo na kuifanya yake. Alikimbia nusu uwanja kufuata kila kitu. Kigingi hakikupoa mkononi mwake kabla hajadai kingine. Mgeni alishika kamba ya kona moja, Kufuli akawa kona ya upande wa bomba la maji.

Kufuli alikipigilia kigingi chake, nacho kikazama upesi mno. Kigingi kizuri hukataa kwanza. Akatazama chini. Nyasi za pale zilikuwa mbichi, ilhali uwanja mwingine wote ulikuwa umekauka. Bomba lilikuwa linavuja taratibu, si kwa juu, bali chini kwa chini, na udongo umelainika kama unga uliokandwa. Akaiweka kamba chini. Akasimama.

Zamani hilo lingetosha.

"Shemeji," Kiberiti aliita kutoka katikati, "umeota mizizi?"

Kufuli aliangalia nyasi, akamwangalia Kiberiti, akaangalia tena nyasi. Neno lilikuwapo kinywani. Lakini jana yake tu Kiberiti alikuwa amemwita gogo mbele ya Mgeni, na mtu aliyeitwa gogo huwa mzito wa kuongea kuliko gogo lenyewe.

Mama alitoa kichwa dirishani mwa pikapu. "Unashangaa nini, mwanangu? Watu wanatusubiri. Vuta."

Akavuta.

Turubai likasimama, jeupe, limenyooka. Mama alimtazama mkuu wa shule na kutabasamu. Kiberiti akaingia chini kukaza nguzo ya kati. Ukaja upepo, wala si wa dhoruba, upepo tu wa kufunua kurasa za kitabu. Kigingi cha kona ya bomba kikachomoka kama jino la mtoto. Kona ikainuka, nguzo ya kati ikaanza kulala, na Kiberiti, badala ya kuikimbia, akaikimbilia kuishika kwa mikono. Ndivyo alivyoumbwa, jambo likija, yeye hulifuata. Chuma kikamshinda, kikamwangukia mguuni.

Kufuli alifika kwanza na kuiinua nguzo peke yake. Mgeni aliendelea kuishikilia kamba yake kwa nguvu zote upande wa pili, kama alivyoagizwa. Hakuna aliyemwambia aachie.

Mkuu wa shule hakupandisha sauti. "Poleni sana. Mgonjwa kwanza," alisema. Baadaye kidogo alimtuma mlinzi wa geti aje kusema kwamba vitu vyao viondolewe kabla wageni hawajaingia. Wazazi wangekaa kwenye baraza za madarasa. Mlinzi aliongeza la kwake, kwa huruma: "Na msipite geti kubwa, mama. Amesema mtumie la nyuma, la taka."

*

Hospitali kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Kufuli alikaa moja na mama yake. Binti alikuja na mtoto begani, kanga moja, viatu vya ndani. Daktari alikuwa ameshasema kwamba mfupa wa mguu wa Kiberiti umevunjika pawili, na kwamba atatembea, ila kubeba vyuma asahau.

Binti alimtazama kaka yake. "Wewe ndiye ulikuwa kona ile."

"Ndiyo."

"Kigingi hukukiona?"

"Nilikiona."

Akamhamisha mtoto bega. "Ulikiona. Ukafanya nini?"

"Nilisimama."

"Ulisimama." Alilirudia neno hilo kama anayeonja chakula kilichochacha. "Kaka, mdomo ulipewa wa nini? Wa kulia wali tu?"

Kufuli alikuwa anatazama viatu vyake, vyenye udongo mbichi pembeni. "Mjomba alikuwa ananiuliza," alisema. "Leo hakuna aliyeniuliza."

Binti alinyanyuka, akahamia benchi la pili, akampa mgongo.

Mama alikuwa na sentensi moja ya kusema. Ilikuwa fupi: mimi ndiye niliyemwambia avute. Alimtazama binti yake mgongoni, akamtazama mwanawe, akauliza kama kuna mtu amekula. Kufuli alikaa pale, na hakusema kwamba mama yake alimwamuru. Hakusema siku hiyo, wala nyingine.

Nyumbani mambo yaliganda. Binti alipakua chakula cha kaka yake na kukiacha mezani bila kumwita. Kiberiti alilala kwenye kochi, mguu wenye plasta nyeupe juu ya mto, hasira zake hazina pa kwenda. Mtu wa mbio akifungwa mguu, kichwa huanza kutembea. Jioni moja alisema, bila kuulizwa:

"Mjomba angekuwepo angenizuia."

Mama alikuwa anachambua mchele. "Mjomba wako hakuwahi kukuzuia jambo. Alikuwa anakucheka."

"Ndiyo kuzuia kwenyewe, mama. Ukinikataza mimi nawaka. Yeye ananichekesha, namalizia kucheka, kumbe nimeshasubiri." Akajigeuza kwa shida. "Nilidhani ananichelewesha."

*

Mama aliifua ovaroli, akaipiga pasi, akaitia kwenye mfuko. Redio alikuwa amepata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alimkuta nyuma ya kaunta, shati limechomekwa, akimweleza mteja tofauti ya rangi mbili nyeupe kama anayesimulia ugomvi wa mawifi. Mteja alinunua zote mbili.

"Dada," Redio alisema alipomwona. "Umekuja kununua misumari au kunipigilia?"

"Nimekuletea hii." Akaweka mfuko kwenye kaunta. "Rudi."

Redio alichungulia ndani, akautambua mkunjo wa pasi wa dada yake. Hakuitoa. Akamvutia kiti. "Mkwe anaendeleaje?"

"Anakaa. Kukaa kunamuua kuliko mguu."

"Na Kufuli?"

"Kufuli ni Kufuli."

"Hapana," Redio alisema. "Hiyo ndiyo shida yenu. Kufuli si Kufuli siku zote."

Mama akajisogeza mbele. Alikuwa mtu wa vitendo. Kama kuna ufundi, alitaka auchukue. "Ulikuwa unajuaje kwamba ana neno? Nieleze, nitafanya mwenyewe."

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ukabaki wazi bila kitu. "Sijui, dada," alisema mwishowe. "Mimi kamba sikuwahi kuzijua. Nilikuwa naogopa. Zile nguzo nimeziogopa tangu siku ya kwanza. Sasa mtu mwoga hatazami nguzo, anatazama uso wa anayeijua nguzo. Basi mimi nikawa namtazama yeye tu."

"Uso wake unabadilikaje?"

"Haubadiliki."

"Sasa?"

"Ndiyo hivyo. Ni kukaa na mtu."

"Ungeniambia kwamba unaogopa."

"Ungenifukuza mapema zaidi."

Walicheka, wote wawili, kicheko kile cha nyumbani kwao walikozaliwa. "Mimi ndiye niliyemwambia avute," Mama alisema. "Alikuwa ameshaiweka kamba chini. Nikamwambia vuta."

Redio aliuchukua mkono wa dada yake, akauachia. "Hilo si la kuniambia mimi."

"Rudi, mdogo wangu. Hutabeba kitu. Utasimama tu."

"Huku wananilipa kwa kuongea, dada. Hebu fikiria. Kile ulichonifukuzia ndicho kinachonilisha." Hakusema kwa kukomoa, alisema kama mtu anayeshangaa bado. Kisha akausukuma mfuko taratibu upande wa dada yake. "Na kuvua kulitosha mara moja. Mpe huyo mgeni wenu."

"Haimtoshi."

"Basi itundike."

Mteja mwingine akaingia kuulizia kufuli la mlango, kufuli kwelikweli. Redio alimtazama dada yake, akalimeza neno alilotaka kusema, akaenda kumhudumia.

Mama alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja jikoni. Hakukaa hata kwenye kigoda. "Kaka yako aliiweka kamba chini," alimwambia binti yake. "Mimi ndiye niliyemwambia avute."

Binti alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kilisimama. "Siku ile ile ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nimtukane pale hospitali."

"Nilikuacha."

Binti alifuta macho kwa kiwiko, na vitunguu vilikuwepo vya kusingiziwa. "Na yeye hata hilo hakusema," alisema. Jioni hiyo alimwita kaka yake mezani kwa sauti. Kufuli alikuja, akala, akasema ahsante. Alichosema kilikuwa hicho tu.

*

Kazi zilizofuata zilikuwa ndogo ndogo. Siku moja walisimamisha turubai dogo kwa mtu aliyekuwa anafungua duka la nguo. Mama aliiacha pikapu, akaja kusimama pale ambapo Redio alizoea kusimama, kati ya nguzo na kona. Mgeni alishika kamba ya upande mmoja, Kufuli upande wa pili. Mtu wa tatu hakuwepo.

"Tuvute?" Mgeni aliuliza.

"Subirini kwanza," Mama alisema. Ilimtoka kwa sauti ya mkwaruzo, ikimkaa vibaya kama nguo ya kuazima. Akamgeukia mwanawe. "Una neno?"

Kufuli alimtazama. "Sina."

Mama aliutazama uso ule. Aliuogesha ukiwa mdogo kuliko kiganja chake, aliupangusa makamasi, aliupima homa kwa shavu lake mwenyewe. Alitafuta pale kwenye paji, kwenye mdomo, kwenye macho. Mwenye duka alikohoa na kuangalia saa.

"Kweli huna?"

"Sina, mama."

Huenda kweli hakuwa nalo. Mama alizunguka vigingi vyote mwenyewe, akikipiga kila kimoja teke kwa kiatu, akainama kugusa udongo ingawa ulikuwa mkavu. Akarudi mahali pale pale. Akamtazama mwanawe mara nyingine, na mwanawe akamtazama yeye, mikono kwenye kamba, akingoja aambiwe.

"Haya," Mama alisema polepole. "Vuteni."